Redio ya Mfukoni

Sikio halilali na njaa, walisema wahenga, na kila aliyelelewa katika mtaa wenye mabaraza anaijua maana yake. Habari haikosi, isipotoka kwa jirani itatoka kwa mpita njia. Lakini methali hiyo ni ya mahali ambapo milango iko wazi na watu husemezana kutoka dirisha hadi dirisha. Haikutungwa kwa ajili ya nyumba iliyozungukwa na migomba, ambayo jirani wake wa karibu haonekani kwa majani, na ambamo habari zote za dunia zimo ndani ya mfuko wa mtu mmoja. Katika nyumba ya namna hiyo sikio laweza kulala na njaa na kuamka nayo, mwaka baada ya mwaka, ilhali chakula kimo humo humo chumbani.

Nyumba yenyewe ipo Kamachumu, kwenye uwanda wa juu wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mwenyewe alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa kanzu na koti siku za sherehe, wa shati la mikono mifupi siku za kazi. Mkewe aliacha shule akiwa darasa la pili. Watoto wao walikuwa watano. Kibanja chao kilikuwa kama vibanja vyote vya Wahaya: migomba juu, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, na katikati nyumba.

Redio ilinunuliwa Bukoba mjini mwaka 1977. Msomaji akumbuke mwaka huo. Jalidi iliyoipiga Brazili mwezi Julai 1975 iliunguza mibuni ya huko, bei ya kahawa duniani ikapanda, na ilipofika mwaka 1977 ilikuwa imefika juu mno. Kwa hiyo baridi ya usiku mmoja Amerika ya Kusini ilileta mabati mapya, baiskeli na redio katika vilima vya Kagera. Wengine walinunua redio kubwa za mezani, zenye kuhitaji betri sita za mawe makubwa. Yeye alichagua ndogo, yenye ukubwa wa kiganja, iliyotengenezwa Japani, ndani ya mfuko wake wa ngozi wenye matundu upande wa spika. Ilikuwa na masafa ya kati na masafa mafupi, antena ya kuvuta, na kisikilizi cha sikio moja chenye waya mwembamba. Alipoulizwa kwa nini hakununua kubwa kama wenzake, alijibu kwamba redio kubwa humngoja mtu nyumbani, na ndogo humfuata.

Jibu hilo lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani. Redio ya mfukoni ilibuniwa ili imfuate mtu mmoja. Ya kwanza kuuzwa iliyotumia transista, iitwayo Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954. Miaka mitatu baadaye Wajapani wa kampuni ya Sony walitoa yao, TR-63, na inasimuliwa kwamba kwa kuwa ilizidi kidogo mfuko wa kawaida, wauzaji wake walishonewa mashati yenye mifuko mipana zaidi. Shati lilikatwa kwa kipimo cha redio. Toka hapo redio ikaacha kuwa chombo cha sebule, ikawa chombo cha kifua. Na kifua kina mwenyewe.

Kamachumu mwenye kifua alikuwa baba wa nyumba. Asubuhi redio ilikwenda naye kwenye mibuni, ikaning'inia kwenye tawi wakati akichuma. Mchana ilikwenda naye kupima kahawa. Jioni ilikwenda naye kwenye lubisi, ikawekwa katikati ya wazee, na huko ikapewa heshima zote. Usiku ilirudi ikiwa imechoka, sauti imepungua kwa betri, ikalazwa chini ya mto. Mke aliisikia inapotoka na inapoingia. Alijua mlio wa saa kabla ya taarifa ya habari, akajua ngoma ya kuanzia, lakini habari yenyewe ilikwisha kupita mlangoni.

Haisemwi kwamba alimnyima. Hakuna siku aliyoombwa akakataa. Ila kitu kikiwa mfukoni mwa mtu hakiombwi. Huonekana kama sehemu ya mwili wake, kama miwani au meno.

Na kilikuwa kitu cha kutunzwa. Mtumiaji wa redio ndogo wa miaka ile alikuwa fundi nusu. Aliijua tabia ya betri kama mvuvi aijuavyo tabia ya upepo. Betri ya makaa na zinki ikitumika mfululizo hujichokea ndani. Ikipumzishwa hupata nguvu kidogo, na ikipata joto kemikali zake hufanya kazi haraka zaidi. Ndiyo maana kila nyumba ya Kagera iliyokuwa na redio ilikuwa na mawe yaliyopangwa juani, juu ya bati au juu ya jamvi la buni, kama samaki wa kukausha. Wengine waliyang'ata kwa meno ili kuyaamsha. Ilipoingia miaka ya 1980 na bidhaa zikaadimika madukani, jozi moja ya betri ilifanyiwa mpango: taarifa ya habari dakika kumi, kisha zima, matangazo ya vifo, kisha zima. Watoto walifundishwa kutogusa gurudumu la sauti kama walivyofundishwa kutogusa panga.

Mawimbi nayo yalikuwa na tabia zake. Dar es Salaam ipo mbali sana na Muleba, na sauti ya Radio Tanzania ilifika huko hasa kwa masafa mafupi, ambayo hayaendi kwa kufuata ardhi bali hupanda juu, yakagonga tabaka la anga lenye chaji za umeme, yakarudi chini. Tabaka hilo halitulii; hupanda na kushuka kwa jua na kwa saa. Kwa hiyo sauti huja ikikaribia na kukimbia, kama mtu anayezungumza huku akipunga mlango. Mzee alifunga waya kwenye antena akaupandisha juu ya mgomba, na mgomba ulipokatwa akauhamishia mwingine. Usiku, masafa ya kati yalipochangamka, stesheni za Uganda ziliingia kwa nguvu kuliko za nyumbani, na kwa kuwa Kihaya na Kiganda ni ndugu, alizisikiliza pia.

Mara ya kwanza redio ile ilipotoka mfukoni kwa ajili ya watu wote ilikuwa mwaka 1978. Mwezi Oktoba ndege za Idi Amin ziliirushia mabomu Bukoba, na mwisho wa mwezi huo majeshi yake yakavuka mpaka na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Watu walikuja kusini kwa miguu, na vitanda vichwani, na ng'ombe, na wagonjwa juu ya baiskeli. Kamachumu ilijaa wageni. Tarehe 2 Novemba Rais Nyerere alipolihutubia taifa na kutangaza kwamba nchi itapigana, redio ya mfukoni iliwekwa juu ya kisiki katikati ya ua, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho, na watu wasiopungua hamsini wakakaa chini kuizunguka, kimya, kitu kisichozidi mche mdogo wa sabuni kikiwa mbele yao. Mke wa mwenye nyumba alikuwemo. Alisikia kwa masikio yake mwenyewe, neno kwa neno. Baadaye alikuwa akisema kwamba siku ile hakuogopa vita kama alivyoogopa kabla, kwa sababu mpaka siku ile vita alikuwa akiletewa na watu, na kila aliyemletea aliongeza kidogo.

Vita vilipokwisha mwaka 1979, redio ilirudi mfukoni.

Kagera ni nchi ya enanga. Wasomaji wa pwani, waliozoea zumari, udi na tari, pengine hawaijui: ni ala ya nyuzi iliyotandazwa juu ya ubao uliochongwa kama beseni refu, na mwenye kuipiga huimba matendo ya wafalme na mashujaa mpaka usiku uishe. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliwarekodi mabingwa wa tenzi hizo na akathibitisha kwa utafiti wake kwamba ni tendi kamili, si nyimbo za kupitisha wakati. Jambo moja la enanga ni kwamba haiwezi kupigiwa mtu mmoja. Lazima wawepo wa kuitikia, wa kucheka, wa kumsahihisha mwimbaji akiruka ukoo wa mfalme. Msikilizaji naye yumo ndani ya utungo.

Mkulima wa Kamachumu aliijua enanga tangu utotoni, lakini ushairi wa Kiswahili aliujua kwa redio. RTD ilikuwa na kipindi cha mashairi, Malenga Wetu, na hakukuwa na kipindi alichokithamini zaidi. Hapo ndipo kisikilizi kilipopata kazi. Kwa kuwa betri hulika kidogo zaidi sauti ikiwa ya sikio moja, na kwa kuwa watoto walipiga kelele, alikaa upande mmoja wa moto, waya ukatoka mfukoni ukapanda hadi sikioni, na macho akayafumba. Hakuwa amesoma kitabu chochote cha arudhi. Aligundua mwenyewe, kwa kuhesabu vidole, kwamba mstari una mizani kumi na sita, kwamba hukatika katikati, nane kwa nane, na kwamba kila kipande kina sauti yake ya kumalizia. Majina ya vipande hivyo, ukwapi na utao, aliyajua baadaye sana kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi.

Na mawimbi yalimfundisha kwa njia yao. Mara nyingi ukwapi ulifika mzima, na kabla ya utao kuingia sauti ikakimbia, kukabaki mvumo kama wa mvua juu ya migomba. Sauti iliporudi ulikuwa ni mstari mwingine. Akabaki na nusu mstari mkononi. Basi akawa anajaza mwenyewe. Alijua kina kinachotakiwa, alijua mizani ni nane, akatafuta maneno ya kukaa pale. Miaka miwili mitatu ya kujaza mapengo ya wengine ilimfanya atamani kutunga ya kwake mzima. Wapo malenga waliofunzwa na masheikh na wapo waliofunzwa na baba zao. Huyu alifunzwa na sauti iliyokuwa ikipotea.

Mwaka 1985 alianza shairi la kupeleka Dar es Salaam. Lilihusu watu wa bara na watu wa pwani, kwamba kila mmoja husafiri kwa chombo alichonacho. Beti tatu zilikwenda vizuri, na kina cha mwisho alichokichagua kilikuwa *sia*. Katika ubeti wa nne alipata ukwapi aliouona mzuri, *Chombo kikenda kwa tanga*, na utao ukamshinda. Siku tatu alitembea nao. Aliusema kwenye mibuni, aliusema njiani, aliusema kando ya moto huku akipiga vidole gotini. Usiku wa tatu mkewe, aliyekuwa anamenya ndizi, alimsikia akiurudia kwa mara ambayo haihesabiki, naye bila kuinua uso akamalizia:

"Mtumbwi kwa makasia."

Mzee alihesabu. Mizani nane. *Sia*. Na maana imetimia, kwa sababu ni mtumbwi wa ziwani ulioletwa kukaa karibu na jahazi la baharini, na hakuna aliyedharauliwa. *Chombo kikenda kwa tanga, mtumbwi kwa makasia.* Mkewe hakuwahi kuiona bahari. Hakuwahi kukisikia kipindi cha mashairi hata mara moja. Alichokisikia miaka yote ni mumewe akinong'ona na moto. Kwa mnong'ono huo tu alikuwa amekwisha kuijua kanuni.

Aliuandika mstari, akamaliza shairi, akaliweka katika bahasha na jina lake na anwani ya sanduku la posta, akalipeleka. Hakuna aliyelizungumza tena. Miezi ikapita. Jioni moja, waya ukiwa sikioni, msomaji wa kipindi alitaja jina lake, akataja Muleba, akaanza kusoma. Sauti jioni ile haikukimbia hata kidogo. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha ubeti wa nne, na tanga, na makasia. Mkewe alikuwa upande wa pili wa moto, hatua tatu kutoka alipo, anamnyonyesha mtoto. Mzee hakuchomoa waya. Hakumwita. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio ili kulinda betri, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe.

Kwa nini hakumwambia? Hilo alikuja kulieleza mwenyewe, na litafika mahali pake. Lakini kabla ya siku hiyo, redio ile ilipaswa kwanza kubishaniwa kwa jambo zito kuliko shairi.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983, na waliripotiwa Kagera. Mwanzo ugonjwa haukuwa na jina hilo. Watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoletwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa sababu waliodhoofika wa mwanzo walikuwa wafanyabiashara wa mpakani na wapenzi wao. Wengine walisema ni uchawi wa mali iliyodaiwa. Ilipofika miaka ya 1990, katika vibanja vya Bukoba na Muleba kulikuwa na makaburi mapya mengi kuliko nyumba mpya, na bibi wa miaka sabini walikuwa wanalea wajukuu wa kunyonya chupa.

Julai 1993 RTD ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, wakati wa jioni. Ndani yake alikuwemo dereva wa lori, Mkwaju, mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, ambaye kidogo kidogo alijifunza kusimama kwa miguu yake. Mchezo ulisema waziwazi mambo ambayo nyumbani hayakusemwa hata kwa mafumbo. Kuna habari moja ya mchezo huo inayostahili kukumbukwa. Ili watafiti wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia, mkoa wa Dodoma haukurushiwa mpaka mwaka 1995. Mkoa mzima uliachwa na masikio yenye njaa kwa miaka miwili, na tofauti ikapimwa na ikaonekana. Hivyo kusikia na kutosikia si mapambo. Kuna watu walibadilisha mwenendo kwa kusikia.

Lakini katika nyumba nyingi za Kagera hapakuhitajiwa mtafiti wa kuzuia. Mfuko wa shati ulitosha. Saa ya mchezo ilikuwa saa ya lubisi. Mchezo uliotungwa ili mwanamke asikie habari za Mkwaju ulisikilizwa na wazee wenzake Mkwaju, wakacheka, wakabadilisha stesheni.

Binti mkubwa wa nyumba ile alikuwa ameolewa mjini Bukoba na mwenye biashara ya samaki, mtu wa safari nyingi. Alikuja nyumbani siku moja na kumwambia mama yake kuhusu mchezo, kwamba jirani zake wanausikiliza dirishani, na kwamba kuna maneno ndani yake anayotaka mama ayasikie kabla hajamwambia neno jingine. Mama alielewa. Jioni ya siku iliyofuata, mzee alipokuwa anavaa koti, alisimama mlangoni.

"Mzee, leo redio ibaki."

"Ibaki ifanye nini?"

"Kuna kitu nataka kusikia."

"Niambie ni kitu gani, nitakusikilizia nikuletee."

"Miaka kumi na sita umenisikilizia, waitu. Leo nitajisikilizia."

Hakukuwa na ugomvi. Mzee alisimama kidogo, akaingiza mkono mfukoni, akaitoa, akaiweka juu ya uchaga wa jikoni. Alipofika kwenye lubisi wenzake walimwuliza redio iko wapi, akasema betri zimekwisha. Toka wiki ile, jioni mbili kila wiki redio ilibaki. Wanawake wa majirani waliijua siku, wakaja na kazi zao za mikono, wengine na maharage ya kuchambua. Kwa mara ya kwanza tangu vita, kisikilizi kikakaa sandukuni. Binti yule baadaye alirudi nyumbani na watoto wake, na hakuulizwa sababu, kwa sababu kila mtu jikoni mle alikuwa ameisikia.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba jioni iliyotangulia na kupakia abiria Kemondo usiku, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Waliokufa walizidi mia nane. Karibu kila kijiji cha Bukoba na Muleba kilikuwa na mtu melini. Siku tatu za maombolezo redio ya Kamachumu haikuzimwa, na hakuna aliyezungumzia kulinda betri. Betri zilipokufa siku ya tatu alfajiri, jirani alileta zake kutoka kwenye tochi, akazikata kamba na kuziunga kwa waya nje ya redio kwa kuwa hazikuingia ndani. Baada ya siku hizo haikurudi tena mfukoni moja kwa moja. Ilikuwa na mahali pake juu ya uchaga, na mwenye kuitaka aliiomba.

Mzee aliugua mwaka 2003. Alipoona hapati nafuu aliwaita wanawe kugawa alichonacho. Kwa mila za Kihaya kibanja kina mrithi wake, omusika, na kwa karne nyingi mwanamke alikula matunda ya ardhi ya ukoo bila kuwa na mamlaka ya kuiuza. Ni wilayani Muleba humo humo, katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, ilikoanzia kesi ya mwanamke aliyeuza shamba alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki aliyonayo mwanamume haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Wazee wa Kamachumu waliijua kesi hiyo na waliibishania miaka mingi. Mgonjwa aligawa kibanja kwa namna iliyowaridhisha watoto wote, binti akiwemo. Kisha ikaja redio. Mila ilijua kugawa kibanja. Haikujua kugawa redio.

"Hii ni ya mama yenu," alisema. "Na kuna neno lake ndani yake."

Akawatoa watoto nje, akamweleza mkewe habari za jioni ile ya ubeti wa nne. Kwamba shairi lilisomwa. Kwamba mstari wake ulifika Dar es Salaam ukarudi, ukasikiwa pwani nzima na visiwani, na mtu pekee ambaye hakuusikia ni aliyeutunga, akiwa hatua tatu kutoka kwenye redio. Akasema alinyamaza kwa sababu jina lililotajwa lilikuwa lake peke yake, na aliona haya. Na kadiri alivyochelewa kusema ndivyo haya ilivyoongezeka, mpaka ikawa rahisi kuendelea kuvaa waya sikioni.

Mkewe alikaa kimya muda. Kisha akauliza:

"Walisoma vizuri?"

"Vizuri sana. Walituliza sauti kwenye makasia."

"Basi," alisema, na akamfunika shuka.

Mzee alifariki wiki iliyofuata. Kifo chake kilitangazwa redioni, na mjane alikisikia tangazo hilo juu ya uchaga, watoto wakiwa wamemzunguka.

Zama zilikuwa zimekwisha kubadilika. Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 stesheni za watu binafsi zilikuwa zimezaliwa, na masafa ya FM yalifika mjini Bukoba, ingawa hayavuki vilima vizuri kwa kuwa huenda moja kwa moja kama mwanga. Ni redio hizo ambazo mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilimchukua Saida Karoli, mwana wa Kagera, zikawafanya watu wa Dar es Salaam na Unguja waimbe Kihaya bila kujua wanasema nini. Pwani ilikuwa imeipa Muleba mizani. Muleba ikarudisha wimbo. Deni la namna hiyo halilipwi kwa njia nyingine.

Redio ya mwaka 1977 haikuwa na FM, na antena yake ilikwisha kukatika. Wana walimnunulia mama nyingine, ya Kichina, ndogo kama ile, ya mawe mawili membamba. Alikubali kwa sharti moja, kwamba isiwe na kisikilizi. Fundi alimweleza kwamba katika redio nyingi za siku hizi, na katika simu, waya wa kisikilizi ndio antena yenyewe; bila waya haishiki. Akamwambia fundi atafute ambayo haihitaji. Akaipata.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Nyumba nyingi za Bukoba zilianguka, na watu zaidi ya kumi na watano walikufa. Bibi alitoka nje na vitu viwili mkononi, rozari na redio, na wajukuu walikaa naye chini ya mti usiku kucha wakisikia kinachosemwa. Machi 2023 ilipotangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Bukoba Vijijini, ugonjwa ambao kabla haujakwisha mwezi Juni ulikuwa umepata watu tisa na kuua sita, uvumi ulikwenda kwa simu haraka kuliko daktari. Wengine walisema ni Juliana amerudi. Wanawake walikuja tena jikoni kwake na maharage ya kuchambua, wengi wao wakiwa mabinti wa wale waliokuja mwaka 1993, kusikia pamoja maneno yale yale kwa wakati mmoja, ili asiwepo wa kuongeza.

Mmoja wa wajukuu, kijana wa sekondari, alikuwa amekaa pembeni na simu yake, nyaya mbili zikiwa masikioni, anatikisa kichwa. Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Akamwuliza anasikiliza nini. Kijana akasema ni shairi la rafiki yake, la vijana tu.

"Chomoa, baba," bibi alisema. "Nasi tumo humu ndani."